Somo la Nuru: Vipi Kujua Mahali Inapofanyika Taswira ya Lenzi



Katika baraza yetu ya masomo alihudhuria usiku mmoja mzee ambaye kwa miaka mingi alikuwa hakosi kusoma juzuu yake kila baada ya sala ya alfajiri. Usiku ule aliinua msahafu mbele ya taa, akausogeza mbali mpaka mkono ukanyooka, kisha akaufunga taratibu. Akasema, "Wanangu, kusoma kwangu kumekwisha. Mkono wangu umekuwa mfupi kuliko macho yangu." Kijana mmoja aendaye skuli akamjibu, "La, baba, kosa si la mkono. Taswira ya herufi yaangukia pasipo mahali pake ndani ya jicho." Mzee akamtazama, akamwuliza, "Nawe, mwanangu, wajuaje mahali pa kitu kilichomo ndani ya jicho langu?" Kijana akanyamaza. Maneno ya kitabu alikuwa ameyahifadhi yote, lakini kuyaonyesha hakuweza.

Swali la mzee lilikuwa la haki, nalo lilistahili jawabu lenye dalili. Mtu ahifadhiye tu kwamba "taswira iko hapa" wala asijue kwa nini iko hapa, huyo hana ilimu. Ana amana ya maneno ya mwenzake. Basi somo hili limeandikwa ili kila msomaji aweze kujibu swali lile kwa mkono wake mwenyewe. Halihitaji mtambo wala mali. Lahitaji penseli iliyochongwa vyema, rula, daftari, na subira ya nusu saa. Usilisome hali umelala. Keti, laza daftari kwa upana, uchore kila tuambiwapo kuchora.

Asili ya maneno haya

Kabla ya kuchora, yatupasa kujua nuru yatembeaje. Zamani walikuwako wenye hekima waliodhani kwamba jicho ndilo litoalo miale ikaenda kugusa vitu. Aliyelipindua jambo hili kwa hoja na majaribio ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyefanya kazi zake Misri na kufariki karibu na mwaka 1040. Katika Kitab al-Manazir alieleza kwamba nuru hutoka kwenye vitu ikaingia katika jicho, na kwamba kila nukta ya kitu kilicho na mwangaza hutoa miale kwenda kila upande kwa mistari iliyonyooka. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Kila taa ikatia doa lake la nuru ukutani. Akifunika taa moja, doa lake peke yake hutoweka, na mengine yakabaki mahali pake. Hapo ikadhihirika kwamba nuru za taa hizo zapita tundu moja wala hazichanganyikani.

Kabla yake kidogo, karibu na mwaka 984, Ibn Sahl aliandika mjini Baghdad juu ya vioo na lenzi za kuunguzia, akaeleza kanuni ya namna nuru inavyopinda iingiapo katika bilauri au itokapo. Kanuni ile ile ilipatikana tena Ulaya katika karne ya 17. Kitab al-Manazir nacho kilifasiriwa kwa Kilatini, kikapigwa chapa mjini Basel mwaka 1572. Twayataja haya si kwa kujifaharisha, kwani fahari ya mtu ni akijuacho yeye, si alichokijua babu yake. Twayataja ili asiseme mtu kwamba ilimu hii ni ya wageni, haituhusu.

Lenzi ni nini?

Lenzi mbinuko ni kipande cha kioo kilicho kinene katikati na chembamba pembeni, mfano wa dengu. Kioo cha kukuzia maandishi ni lenzi ya namna hii. Mwale upitapo pembeni mwa lenzi hupindwa kuelekea katikati. Na kadiri upitavyo mbali zaidi na katikati, ndivyo upindwavyo zaidi. Upitao katikati kabisa hauachi njia yake. Kwa hiyo miale iliyoingia sambamba, kila mmoja hupindwa kwa kadiri yake, yote ikakutana mahali pamoja.

Mahali hapo pa kukutana huitwa fokasi. Mstari ulionyooka upitao katikati ya lenzi, ukiikata kama mkuki uipitavyo ngao, huitwa mhimili mkuu. Nukta ya katikati ya lenzi huitwa kitovu cha lenzi. Masafa kutoka kitovu hata fokasi ndiyo urefu wa fokasi. Na kwa kuwa nuru yaweza kuingia upande wowote, lenzi moja ina fokasi mbili, moja kila upande, na masafa yake ni sawasawa.

Ukitaka kuujua urefu wa fokasi wa lenzi uliyo nayo, ingia chumbani mchana, funga madirisha yote ila moja. Simama mbali na dirisha hilo, karibu na ukuta mweupe. Elekeza lenzi dirishani, uisogeze mbele na nyuma mpaka uone ukutani mnara, minazi au mapaa ya nyumba za mbali, vidogo na vyenye rangi zake, navyo vimepinduka, kichwa chini. Pima kutoka lenzi hata ukuta. Kwa kuwa vitu vile viko mbali sana, miale yake yafika karibu sambamba, na masafa uliyopima ndiyo urefu wa fokasi. Lakini angalia sana: lenzi usiielekeze kwenye jua ukatazama kupitia ndani yake hata kwa kitambo kidogo. Nuru ya jua ikusanywayo na lenzi huunguza karatasi, na jicho ni laini kuliko karatasi.

Miale mitatu ya kuongoza

Kila nukta ya kitu hutoa miale isiyo na hesabu. Hatuwezi kuichora yote, wala hatuna haja. Miongoni mwake iko mitatu ambayo tunaijua njia yake kwa yakini:

Wa kwanza ni ule uendao sambamba na mhimili mkuu. Ukifika katika lenzi hupindwa, ukapita katika fokasi ya upande wa pili.

Wa pili ni ule upitao katika kitovu. Huu huendelea moja kwa moja bila ya kupinda.

Wa tatu ni ule upitao kwanza katika fokasi ya upande wa kitu. Ukitoka katika lenzi huenda sambamba na mhimili mkuu.

Miwili yatosha kutuonyesha mahali. Wa tatu ni shahidi. Ukiichora miwili ikakutana, kisha wa tatu ukapita mahali pale pale, jua kwamba mkono wako haukukosea. Usipopita hapo, futa, uanze tena.

Tuchore sasa

Twaa lenzi yenye urefu wa fokasi wa sentimita 20. Daftari haliwezi kuchukua masafa hayo, basi katika mstari wa mhimili kila sentimita 1 ya daftari iwe badala ya sentimita 5 za kweli. Kwa hiyo fokasi zitakuwa sentimita 4 kila upande. Vimo vya kusimama tuviache kama vilivyo. Chora mhimili mkuu kwa rula. Chora mstari mwembamba wa kuukata wima; huo ndio lenzi. Tia nukta mbili za fokasi. Kitu chetu kitakuwa mshale wa sentimita 2, usimamao juu ya mhimili upande wa kushoto.

Mfano wa kwanza: kitu kiko mbali. Simamisha mshale sentimita 12 kutoka lenzi. Kutoka ncha yake chora mwale wa kwanza, sambamba na mhimili hata lenzi, kisha uupitishe katika fokasi ya kulia. Kutoka ncha ile ile chora mwale wa pili upite katika kitovu. Mistari miwili yakutana chini ya mhimili, sentimita 6 kulia kwa lenzi. Hapo ndipo taswira ya ncha. Shina la mshale liko juu ya mhimili, basi na taswira ya shina iko juu ya mhimili. Unganisha: taswira imepinduka, na kimo chake ni sentimita 1, yaani nusu ya kitu. Sasa mwite shahidi: mwale wa tatu wapita fokasi ya kushoto, wafika lenzi sentimita 1 chini ya mhimili, waenda sambamba, ukaangukia pale pale.

Mfano wa pili: kitu kiko mara mbili ya urefu wa fokasi. Simamisha mshale sentimita 8. Utaona taswira yatokea sentimita 8 upande wa pili, imepinduka, na kimo chake ni sentimita 2, sawa na kitu.

Mfano wa tatu: kitu kimekaribia zaidi, lakini hakijafika fokasi. Simamisha mshale sentimita 6. Taswira sasa yakimbilia mbali, sentimita 12, imepinduka, na kimo chake ni sentimita 4. Linganisha na mfano wa kwanza. Pale kitu kilikuwa 12 na taswira 6. Hapa kitu ni 6 na taswira 12. Vimebadilishana mahali, kwa sababu njia ya nuru ni ile ile ukienda au ukirudi.

Mfano wa nne: kitu kiko katika fokasi yenyewe, sentimita 4. Chora mwale wa kwanza na wa pili. Utaona yatoka sambamba, haikutani kulia wala kushoto. Wala usijilaumu, hapana taswira ya kukamatwa kwenye karatasi, umbali wowote utakaoiweka.

Mfano wa tano: kitu kiko ndani ya fokasi. Simamisha mshale sentimita 2. Mwale wa kwanza waenda sambamba, kisha washuka kuelekea fokasi ya kulia. Mwale wa pili wapita kitovu ukashuka kwa kasi zaidi. Upande wa kulia yaachana, na kila iendako yazidi kuachana. Basi weka rula juu ya kila mwale uliotoka, uurudishe nyuma upande wa kushoto kwa mstari wa nuktanukta. Mistari hiyo yakutana sentimita 4 kushoto kwa lenzi, juu ya mhimili, na kimo chake ni sentimita 4. Taswira imesimama wima, ni kubwa mara mbili ya kitu, nayo iko upande ule ule wa kitu, nyuma yake.

Taswira tatu za mwanzo na hii ya mwisho hazifanani. Katika mfano wa kwanza, wa pili na wa tatu, nuru yenyewe hukutana. Ukiweka karatasi nyeupe hapo utaiona taswira. Hiyo huitwa taswira halisi. Katika mfano wa tano nuru haikukutana popote. Ni jicho liionalo miale iliyoachana likadhani imetoka mahali pale nyuma. Hiyo ni taswira isiyo halisi. Karatasi haiwezi kuikamata, lakini jicho laiona vyema, na ndiyo tuionayo tukitazama herufi kwa kioo cha kukuzia. Ama katika mfano wa nne, tuliona kwamba hapana ya kukamatwa kabisa.

Kulihakikisha kwa hesabu na kwa mshumaa

Ziko kanuni mbili za kupimia uchoraji. Ya kwanza: kimo cha taswira kwa kimo cha kitu ni kama umbali wa taswira kwa umbali wa kitu. Mwale wa pili ndio uthibitishao haya, kwani hufanya pembetatu mbili zenye umbo moja katika kitovu. Ya pili: 1 kwa umbali wa kitu, ukijumlisha 1 kwa umbali wa taswira halisi, ni sawa na 1 kwa urefu wa fokasi. Katika mfano wa kwanza, 1/12 na 1/6 ni 3/12, yaani 1/4. Na fokasi yetu ni 4. Katika mfano wa tano, kwa kuwa taswira si halisi, umbali wake hutolewa badala ya kujumlishwa: 1/2 ukitoa 1/4 ni 1/4.

Lakini hesabu na mchoro ni karatasi tu mpaka ulimwengu uzisadiki. Basi usiku washa mshumaa, uweke sentimita 60 kutoka lenzi, yaani 12 za daftari. Shika karatasi nyeupe upande wa pili, uisogeze mpaka moto uonekane wazi. Utaukuta sentimita 30, umepinduka, nusu ya kimo chake. Sogeza mshumaa mpaka sentimita 40, kisha 30, na kila mara kabla ya kusogeza karatasi itazame michoro yako, useme kwanza itakuwa wapi. Mtu akisema kabla, kisha ikawa kama alivyosema, hapo ndipo anapoonja ladha ya ilimu.

Makosa mawili ya wanafunzi

La kwanza: wengi hudhani kwamba miale mitatu ndiyo pekee ifanyayo taswira. Ukiwauliza, "Tukiifunika nusu ya lenzi kwa kadibodi, itakuwaje?" hujibu kwamba nusu ya taswira itakatika. Sivyo. Ijaribu kwa mshumaa. Taswira itabaki nzima, ila mwangaza wake utapungua. Sababu ni kwamba kila nukta ya moto hupeleka miale katika kila sehemu ya lenzi, na nusu iliyobaki wazi yatosha kuikusanya. Miale yetu mitatu ni viongozi wa njia tu. Msafara wenyewe ni mkubwa.

La pili: hudhani kwamba karatasi ikisogezwa mbali na mahali pake, taswira itakua tu. Sivyo vilevile. Miale ya nukta moja hukutana mahali pamoja. Mbele ya hapo haijakutana, na nyuma ya hapo imekwisha kuachana. Karatasi iliyowekwa mbele au nyuma hupokea doa pana badala ya nukta, na madoa yakipandana, mambo yote huwa ukungu. Lishike hili, kwani ndilo jawabu la mzee wetu.

Jawabu la mzee

Ndani ya jicho kuna lenzi mbinuko, na nyuma yake kuna utando uitwao retina, ambao ndio karatasi nyeupe ya jicho. Taswira huangukia hapo imepinduka, kama alivyoeleza Johannes Kepler mwaka 1604, nao ubongo huifahamu kuwa wima. Karatasi ya mshumaa twaweza kuisogeza, retina haisogei. Kwa hiyo jicho hufanya hila nyingine: kitu kikiwa karibu, lenzi yake hunenepa, ikazidi kuipinda miale, ili taswira iangukie pale pale.

Mtu akifikia miaka kama 40 na kuendelea, lenzi ya jicho huanza kukakamaa, haineni vya kutosha. Kumbuka michoro: kitu kikisogea karibu, taswira hukimbilia nyuma. Herufi ikiletwa karibu, taswira yake hutaka kufanyika nyuma ya retina, na retina hupokea madoa yaliyopandana. Ndipo mzee hunyoosha mkono. Hakuna ugonjwa hapo wala laana. Ni desturi ya umri, ipatayo wasomi na wasiosoma.

Tuchukulie kwamba mzee haoni wazi kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 50, naye ataka kusoma kitabu kilicho sentimita 25. Mvalishe miwani ya lenzi mbinuko yenye urefu wa fokasi wa sentimita 50. Kitabu sasa kiko ndani ya fokasi, katika nusu yake. Rudi katika mfano wa tano: 2 ndani ya 4. Ni mchoro ule ule, ila sasa kila sentimita ya daftari ni 12 na nusu za kweli. Taswira yatokea sentimita 50, wima, mahali pale pale ambapo jicho la mzee laanza kuona wazi. Jicho halikufanywa kijana. Herufi ndizo zilizosogezwa kwa hila ya nuru. Wala zisimdanganye kwamba zimekua sana: taswira ni kubwa mara mbili, lakini imekwenda mbali mara mbili, basi machoni yachukua nafasi ile ile. Alichokipata ni uwazi.

Na miwani ya kuazima? Ikiwa fokasi yake ni sentimita 100, kitabu kikiwa 25, taswira itatokea kama sentimita 33. Jicho lisiloona karibu ya 50 halitaridhika nayo. Ndiyo maana miwani ya jirani yaweza kumfaa jirani, isikufae wewe. Kila jicho lina mchoro wake. Tena si kila ukungu wa jicho ni wa umri. Mtoto wa jicho, maradhi ya sukari na presha ya jicho hayatibiwi kwa miwani ya kusomea, na mengine huharibu macho kimyakimya. Kwa hiyo anayeona ukungu na aende akapimwe na mtaalamu, asiokote miwani sokoni akadhani yamekwisha.

Usiku wa pili kijana yule alikuja na daftari. Hakumwambia mzee maneno ya kitabu. Alimkalisha karibu na taa, akamchorea mshale, lenzi, na miale miwili, kisha akarudisha mistari ya nuktanukta nyuma mpaka ikakutana. Mzee akaweka kidole juu ya makutano yale, akakaa kitambo. Kisha akauliza, "Na hapo ndipo herufi zangu zilipo?" Kijana akajibu, "Ndipo, baba." Mzee akasema, "Basi kesho nipeleke kupimwa."

Zoezi kwa wasomaji: lenzi ina fokasi ya sentimita 10, na mshumaa uko sentimita 15. Chora kwanza, kisha pima kwa hesabu. Ukipata sentimita 30, imepinduka, mara mbili ya kitu, umefahamu. Basi mfunze na aliye karibu nawe.

Wabillahi tawfiq.